Samli Ndani ya Bunduki ya Kijiji

Subira yangu ilikatika pale mwalimu mkuu aliposema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, "Wewe rudi nyumbani, mama. Mlete baba yake Robi tuzungumze wakubwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pake tangu kengele ya saa nne. Mwanangu Robi, wa miaka tisa, alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto nje ya ofisi. Juu ya meza ya mwalimu ililala pampu ya kujazia mipira ya shule, mpini kando, bomba kando. Watoto wanne walikuwa wameishika asubuhi hiyo. Mpini ukachomoka, na hakuna aliyeona vizuri umechomokea mikononi mwa nani. Walipoulizwa, watatu walitazama miguu yao. Robi akasema, "Nadhani ni mimi, mwalimu." Basi watatu wakarudi darasani, na aliyesema akapelekwa kwenye kokoto.

"Hakufanya makusudi," nilisema. "Na amesema mwenyewe."

"Ndiyo maana anaadhibiwa. Amekiri."

"Na wale wengine?"

"Wale hawajakiri kitu. Mama, nimesema mlete baba yake."

Mume ninaye. Yuko ng'ambo ya mpaka wa Sirari, anapakia na kupakua malori, hurudi mavuno hadi mavuno. Lakini hata kama angekuwa amelala chumbani kwangu asubuhi ile, nisingemwamsha kwa ajili ya pampu. Niliinama juu ya meza nimjibu mwalimu usoni, na hapo pua yangu ikakutana na ile washa ya ngozi, kile kizibo cha kubana upepo, iliyochungulia kwenye bomba. Ngozi kuukuu iliyolowa mafuta. Harufu hiyo naijua. Nilinyamaza, si kwa woga. Nilinyamaza kwa sababu ghafla nilikuwa na miaka kumi, na Bibi yangu alikuwa hai, na nilikuwa nimeharibu bunduki ya kijiji.

Wa rika langu, mliohamishiwa vijiji vya ujamaa mkiwa bado mnabebwa mgongoni, mtanielewa nikisema kwamba kila kitu kizuri kilikuwa kimoja. Redio moja, mizani moja, baiskeli moja ya mwenyekiti. Sisi tuliokuwa kwenye bonde chini ya Kenyamonta tulikuwa na cha ziada, bunduki moja ya upepo. Ilikuwa ya kulindia shamba la ujamaa la mtama, kwa sababu kwelea kwelea wa kwetu hawakuwa ndege, walikuwa kodi. Wakitua asubuhi, saa sita unakuta mabua yamesimama kama vijiti vya kufagilia.

Bunduki ilikaa kwa zamu, kila kaya wiki moja. Anayeishika analinda shamba, na mwisho wa wiki anaikabidhi kwenye mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Sisi watoto tulizihesabu zamu kama tunavyohesabu siku za mnada. Mimi nilizihesabu kwa moyo unaodunda zaidi, maana haikujulikana kama nyumba yetu ingepewa zamu hata kidogo.

Nyumba yetu haikuwa na mwanaume. Bibi yangu, Nyangi, hakujaaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alifariki mapema. Akafanya wanavyofanya wanawake wa kwetu wasiotaka nyumba yao ife. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa. Mke aliyemwoa ndiye mama yangu. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu, na hakuna cha kuchekesha ndani yake. Mtoto anayezaliwa humo ni wa nyumba ya yule bibi, na aliyemzalisha mama abaki na shughuli zake. Mimi sikuwahi kuona kama kuna kitu kimepungua. Tulikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na sauti kubwa.

Tatizo letu lilikuwa Marwa, mdogo wa marehemu mume wa Bibi. Katika daftari la kijiji kila kaya ilikuwa na mstari wake, na mstari huo ndio uliokupa neno mkutanoni. Sisi tuliandikwa "Kaya ya Nyangi", na Marwa mstari huo ulimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Siku ya kupanga zamu alisimama.

"Ndugu mwenyekiti, bunduki haipelekwi kwa shemeji yangu. Nyumba ya wanawake watatu si kaya. Ni jiko."

Watu wakacheka. Bibi aliwaacha wamalize.

"Jiko hilo hilo, shemeji," akasema, "ndilo unalokimbilia kila mkeo akinuna. Sijawahi kukusikia ukiuliza mwanaume wake yuko wapi wakati unalamba sahani."

Sasa wakacheka zaidi, na mwenyekiti, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula, akaamua. Nyumba ya Nyangi itapata zamu, ya mwisho, baada ya Marwa. Lakini bunduki ikiharibika mikononi mwetu, daftari litaangaliwa upya, na tutaandikwa chini ya Marwa.

Nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa. Kuandikwa chini ya Marwa kulimaanisha kwamba shamba letu, ng'ombe wetu, na hata mimi siku ya kuposwa, vyote vingekuwa na msemaji mmoja, na msemaji huyo si Bibi.

Wiki zikapita, zamu kumi na moja, zote za wanaume. Ajabu ni kwamba ndege hawakuanguka. Kila Jumamosi mwenye zamu alikabidhi bunduki na maelezo. Mmoja alisema kwelea kwelea wa mwaka huu wana manyoya mazito. Mwingine alisema wametoka mbugani, wamezoea bunduki za askari wa wanyamapori. Marwa alisema aliwapiga wengi sana, ila waliruka na majeraha wakafie mbali. Mimi niliamini yote. Nilikuwa nikimtazama kwelea kwelea mmoja, kidude cha kushika kwenye kiganja, na kumheshimu kama nyati.

Hatimaye ikaja kwetu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaivisha kanga. Macho yake tayari yalikuwa na ukungu, hakuweza kumtofautisha ndege na suke la mtama. Mama alikuwa na palizi. Basi Bibi akanipandisha kwenye dungu katikati ya shamba, yeye akakaa chini kwenye kivuli cha dungu, akaniambia, "Mimi ndiye mwanaume wa nyumba hii. Wewe ni jicho langu. Lenga vizuri, usinitie aibu."

Mtutu ulikunjwa kwa nguvu zangu zote, goti likiwa juu yake, ndipo unatia chembe ya risasi na kuufunga. Ukivuta kifyatulio inatoka sauti kama mtu anayetema ganda la muwa. Chembe yangu ya kwanza niliiona ikienda, naapa, niliiona kwa macho, ikaanguka kwenye tuta la pili. Kwelea kwelea mmoja akageuza shingo kuitazama.

Jioni nilimwambia Bibi bunduki imekauka. Bibi aliishika, akaipapasa, akasema kitu chochote chenye ngozi au chuma kikilala bila mafuta kinakasirika. Ndivyo alivyotunza ngao ya mumewe, ngozi zake za kulalia, hata jembe. "Kaipake samli kidogo asubuhi," akasema.

Kidogo. Neno hilo nilikuja kulikumbuka baadaye. Asubuhi, kabla hatujaenda shambani, nilipaka nje, ikang'aa. Nikafikiri, kama nje inang'aa, je, ndani kunakokasirika? Nikaukunja mtutu, nikaona tundu dogo ambalo upepo unatokea. Nikachukua kibuyu cha samli, ile ya wageni, nikaiyeyusha juani, nikamimina. Ilikunywa. Nikamimina tena. Ilikunywa mpaka kibuyu kikawa chepesi.

Risasi ya kwanza baada ya hapo nitaikumbuka hadi nizikwe. Ilipiga kishindo, si kutema ganda tena, kishindo cha bunduki ya kweli, na moshi mweupe ukatoka mdomoni ukinuka nyama choma. Shamba zima liliinuka. Ndege wote wakapaa kama blanketi linalokung'utwa. Chini ya dungu Bibi alisema tu, "Eeh." Halafu akasema, "Rudia."

Siku tatu nilikuwa mtu mkubwa. Ndege walikuwa wakituona mimi na kile kishindo wanahamia upande wa mto. Wanawake waliokuwa wakipita njiani walisimama kutusalimia, "Shikamoo, mwenye bunduki," wakimwambia Bibi lakini wakinitazama mimi. Siku ya nne, bunduki ikapiga mara mbili, ikatoa moshi mweusi, halafu ikafa. Nilivuta kifyatulio, ikasema "fuu", kama mtu anayepoza uji. Chembe ikabaki ndani ya mtutu.

Sikumwambia mtu. Nilikaa juu ya dungu nikafikiri, na hesabu yangu ilikuwa hii. Bunduki ya upepo ina upepo ndani, kama vile taa ina mafuta ya taa. Ulitiwa kiwandani, kiasi cha kutosha kijiji kizima miaka mingi. Wanaume walikuwa wakiutumia kidogo kidogo, kwa uchumi, ndiyo maana ndege hawakuanguka. Mimi kwa kujionyesha, bum, bum, bum, nimeumaliza wote kwa siku tatu.

Siku iliyofuata nilimuaga Bibi kwa uongo kwamba nakwenda kuwafukuza ndege wa upande wa juu. Nikaibeba bunduki mpaka kwenye mawe makubwa juu ya kijiji, pale ambapo upepo unavuma mpaka unakuvua kitambaa. Nikaukunja mtutu, nikalielekeza tundu lake kwenye upepo, nikasubiri ijae. Nilisubiri mpaka mikono ikafa ganzi. Mara kwa mara niliufunga haraka, upepo usitoroke, nikavuta. Fuu. Nililia kidogo, halafu nikaona aibu kulia mbele ya mbuzi wa watu.

Mama ndiye aliyenigundua, jioni ya Ijumaa, kwa sababu alikwenda kuchukua samli akakuta kibuyu kitupu. Nilimwambia yote, hata habari ya upepo. Mama hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda akafikiri kama mimi nilivyofikiri juu ya dungu, kisha akasema polepole, "Kesho tunakabidhi. Tukabidhi tu. Inang'aa, nani atajua? Zamu zinaanza upya. Atakayefuata ndiye atakayeona."

Na nitasema ukweli, nilifarijika. Nilimpenda mama yangu sana dakika ile. Lakini Bibi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na masikio yake hayakuwa na ukungu.

"Ulimimina wapi?" akauliza.

"Kwenye tundu, Bibi."

"Yote?"

"Yote."

"Samli ya wageni."

"Ndiyo, Bibi."

Alivuta pumzi kwanza kwa ajili ya samli. Halafu akamgeukia Mama. "Mke wangu, na huyo atakayefuata akisema imeharibikia kwetu, tutasema nini?"

"Tutakataa."

"Nyumba nzima ikatae. Mimi na uzee huu." Akatikisa kichwa. "Marwa anasema sisi ni jiko. Jiko halisemi kitu, linapikiwa tu. Kesho mtoto atasema. Atasema kabla hajaulizwa."

"Watatufuta kwenye daftari," Mama akasema.

"Watatufuta tukiwa tunaongea."

Jumamosi ile mbele ya ofisi ya kijiji kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu ilikuwa pia siku ya mnada. Pembeni, fundi Athumani wa Mugumu alikuwa ameipindua baiskeli ya mwenyekiti anatengeneza mnyororo. Fundi Athumani alikuwa na asili ya pwani, kofia yake nyeupe haikuwahi kuchafuka mbele yangu, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujisikie tunaparuza magunia.

Bibi aliweka bunduki mezani, akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Nikayasema yote kwa pumzi moja. "Ndugu mwenyekiti, mimi Bhoke nimeharibu bunduki ya kijiji. Nimetia samli ndani, halafu nikaumaliza upepo. Si Bibi, ni mimi."

Marwa akapiga mapaja yake.

"Si nilisema? Si nilisema hapa hapa? Wameipikia samli. Jiko ni jiko. Ndugu mwenyekiti, fungua daftari."

Mwenyekiti akafungua daftari. Niliiona kalamu. Nilimtazama Bibi, naye alikuwa amesimama wima kama mtu anayepimwa urefu.

"Andika," Bibi akasema. "Lakini kabla hujaandika, yule fundi aifungue. Nyumba yangu imetaja kosa lake. Nataka kuliona lina ukubwa gani."

Fundi Athumani alikuja anapangusa mikono, akaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa chini na bisibisi yake. Harufu ilipotoka, watu wa mbele walirudi nyuma. Alichomoa kipande cheusi, akakiinua.

"Washa ya ngozi. Imeungua kwa samli. Hii ni ya mtoto," akasema. Nikatamani ardhi inimeze. "Ningeshona nyingine kwa ngozi ya kiatu, ni kazi ya nusu saa. Lakini hii sasa, wazee wangu, hii siyo ya mtoto."

Akavuta springi. Ikatoka vipande viwili, vimeunganishwa kwa waya wa shaba uliosokotwa kwa koleo. Waya ulikuwa umeshika kutu ya kijani.

"Hii imekatika zamani. Mtu aliifungua, akaifunga waya, akairudisha, akanyamaza. Miezi miwili hivi, mitatu. Tangu hapo bunduki hii haina nguvu ya kumwua nzi. Huyu binti kama alipata kishindo, kilikuwa cha samli kuungua. Upepo haumalizwi, mwanangu. Unautengeneza wewe mwenyewe kila unapoukunja mtutu."

Wanaume kumi na mmoja, kila mmoja alikuwa ameishika bunduki ile wiki nzima, kila mmoja alikuwa ameona chembe ikianguka kwenye tuta la pili kama mimi. Manyoya mazito. Wametoka mbugani. Wakafie mbali.

"Ni nani aliyeifunga waya?" Bibi akauliza. Hakupaza sauti. Akaanza kwa Marwa. "Shemeji?"

Marwa alitazama miguu yake.

Akaenda kwa wa pili, wa tatu, akamwita kila mmoja kwa jina. Wote walikuwa na miguu ya kutazama. Mwenyekiti, ambaye zamu ya kwanza kabisa ilikuwa yake, alikohoa akasema vumbi limezidi, na kwamba kwa maoni yake Kaya ya Nyangi ibaki pale pale ilipo kwenye daftari.

"Haitabaki tu," Bibi akasema. "Iandikwe kwamba ndiyo iliyosema."

"Nitaandika, mama. Weka dole gumba hapa."

"Dole la nini? Mtoto anajua kuandika."

Nikapewa kalamu. Niliandika jina langu kwenye daftari la kijiji, herufi kubwa kubwa, mkia wa ile ya mwisho ukaingia kwenye mstari wa Marwa. Hakuna aliyenizuia. Njiani kurudi nyumbani Mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaniambia kwamba ile samli nitairudisha mwenyewe. Nikasukasuka maziwa kwenye kibuyu kila asubuhi hadi mtama ulipovunwa. Mikono iliuma, na nilikuwa na furaha. Bunduki ilipotengenezwa ilikuja kwetu zamu nyingine tatu. Neno "jiko" sikulisikia tena kinywani mwa Marwa, ingawa sahani aliendelea kulamba.

Basi hayo ndiyo yaliyonipitia nikiwa nimeinama juu ya meza ya mwalimu mkuu. Nilinyooka. Nilitoka nje nikamwinua Robi, nikamng'oa kokoto moja moja kwenye magoti, naye akaniuliza kwa sauti ndogo kama amekosea kusema. Nilimwambia kwamba Bibi yangu angekuja kumpongeza leo kama angekuwa hai, na kwamba tunakwenda nyumbani kuandika. Kalamu ninayo, shule ya sekondari nimemaliza, na hasira ilinitosha kurasa kumi, lakini niliikata mpaka ikabaki barua hii, ambayo niliipeleka kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa:

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Shule.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ADHABU YA MTOTO ALIYESEMA KWELI

Ndugu Mwenyekiti, mimi Bhoke, mzazi wa Robi wa darasa la tatu, nalalamika rasmi. Watoto wanne walishika pampu ya shule, ikaharibika. Mmoja alisema. Huyo ndiye aliyepigishwa magoti kwenye kokoto, na walionyamaza wakaenda kusoma. Nalalamika kwamba kwa adhabu hii shule inawafundisha watoto kunyamaza, na wanafunzi wa somo hilo nawafahamu wakiwa wazee. Nalalamika pia kwamba nilipofika kuuliza, niliambiwa nilete mwanaume.

Naomba pampu ifunguliwe mbele ya kamati na fundi, tuone ilikatikia wapi na tangu lini. Sehemu ya Robi ikionekana, tutaibeba. Mpaka siku hiyo naomba asipige magoti mtoto yeyote. Mkutano nitahudhuria mwenyewe, msimwite mtu mwingine kwa niaba yangu.

Msemaji wa kaya: Bhoke.

Shahidi: Robi, ameandika jina lake mwenyewe.